Geji ya presha ya oili: anza kuchagua kwenye injini, sio kwenye dashibodi

Nianze na jambo lenyewe maana najua wengi wakifika kwenye hii mada wanataka kuambiwa tu nunua ile pale. Geji ya presha ya oili ukianza kuichagua kwa sura, rangi ya taa, ukubwa wake, itakavyopendeza kwenye dashibodi, umeanzia mwisho. Anza kule chini kwenye injini, kwenye tundu ambalo sensa (kifaa kinachopima presha) itafungwa, uje kwenye sensa yenyewe, halafu waya, na uso wa geji ndo uwe kitu cha mwisho kabisa kukifikiria. Haya nimeyajua kwa gari yangu na za ndugu na marafiki, kwa kushinda chini ya boneti na fundi wangu, na ningependa sana mtu mwingine ayajue kabla hajatoa hela yake.

Kilichonifanya niitafute hiyo geji ni injini ya binamu yangu. Alikuwa anapanda mlima mrefu, gari imejaa watu, oili imepungua bila yeye kujua kwa sababu injini ilikuwa inaila kidogo kidogo, na ile taa nyekundu ya oili yenye picha ya kibirika haikuwaka hata kidogo mlima mzima. Alipofika juu akaachia mafuta, injini ikashuka sailensa, yani mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta, taa ikawaka, na hapo hapo ukaanza ule mlio wa kugonga kutoka chini, yani hata hakuwahi kutafuta pa kuegesha. Injini imenoki. Fundi alipoifungua alinipa beringi za konrodi, vile vyuma vyembamba vinavyokaa kati ya konrodi na krenki shafti, nizishike. Beringi nzima ina uso wa kijivu laini, ukipitisha kucha hakuna inapokwama, lakini hizi kijivu kilikuwa kimechubuka unaona rangi ya shaba chini yake, na moja ilikuwa imetandazwa ikawa nyembamba mpaka imetokeza pembeni, na krenki shafti pale ilipokuwa inakaa ina mistari unaisikia kwa kidole. Nikamuuliza fundi sasa ile taa kazi yake nini? Akaniambia "kaka, taa inakwambia presha imeisha, haikwambii presha inaisha."

Na ndivyo ilivyo. Taa ile inaendeshwa na swichi ndogo tu kwenye injini, na swichi nyingi zimetengenezwa ziwashe taa presha ikishuka mpaka kama psi 4 hadi 7, yani bar 0.3 hadi 0.5 hivi (psi na bar ni vipimo vya presha). Sasa fikiria injini iko 3000 rpm, yani mizunguko 3000 kwa dakika, inapanda mlima, ilitakiwa iwe na psi 40 na zaidi, imebaki na 12. Taa imezima. Kwa swichi kila kitu kiko sawa. Beringi zinateketea na wewe unaongea na abiria.

Kuna kanuni mafundi wengi wanaitumia, psi 10 kwa kila 1000 rpm, injini ikiwa ya moto. Ni kanuni nzuri ya kuanzia lakini kitabu cha injini yako ndo kinachosema la mwisho. Mfano Toyota 22R kitabu kinasema ikiwa sailensa isipungue psi 4.3, na kwenye 3000 rpm iwe kati ya 36 na 71. Angalia hiyo namba ya kwanza vizuri, psi 4.3 inaruhusiwa, kwa hiyo mtu mwenye injini ya namna hiyo akiona mshale uko chini sana gari imesimama asikimbilie kushusha injini, aguse mafuta kidogo aone mshale unapanda vipi. Na mwenye injini ambayo kitabu chake kinataka 20 ikiwa sailensa akiona 6, huyo ana shida kweli. Kabla ya kununua chochote tafuta hizo namba mbili za injini yako maana ndo zitakuchagulia geji yenye vipimo gani.

Niseme pia presha yenyewe ni nini, kwa sababu wengi wanaichanganya na wingi wa oili. Pampu haitengenezi presha, pampu inasukuma oili tu, presha inatokea kwa sababu oili inalazimishwa kupita kwenye nafasi nyembamba za beringi, kama maji ya mpira wa bustani unavyoziba mdomo wake kwa kidole. Beringi zikilika nafasi inaongezeka presha inashuka. Oili ikiwa ya moto inakuwa nyepesi presha inashuka. Asubuhi injini ya baridi inaweza kuonyesha 60 na zaidi halafu jioni kwenye foleni ikaonyesha 15, injini ileile, oili ileile, na hakuna ubaya wowote. Na presha kubwa nayo sio sifa, ukiona mshale umekaa juu kuliko kawaida hata injini ikiwa ya moto basi oili ni nzito kuliko inavyotakiwa, au vali ya kupunguza presha imekwama, au kuna mahali pameziba mbele ya pale unapopimia.

Kitu kingine, usiamini haraka geji iliyokuja na gari. Zipo geji za kiwandani ambazo ni taa iliyovalishwa mshale. Mazda MX-5 za mwanzo zilikuwa na geji ya kweli, halafu kuanzia kwenye za 1995 hivi ikawekwa ambayo inasoma swichi tu, presha ikizidi kiasi kidogo mshale unakwenda katikati unakaa hapohapo. Kuipima ni rahisi, washa gari ya baridi angalia mshale ulipo, endesha mpaka injini ipate moto vizuri, simama iwe sailensa uangalie tena, halafu kanyaga mafuta taratibu. Mshale usipotikisika kwenye hali zote hizo basi hiyo sio geji, hiyo ni picha. Na vile vifaa vya kuchomeka chini ya usukani vya kusoma kompyuta ya gari, magari mengi havitoi presha ya oili, joto la maji utapata, na nyingine hata joto la oili, ila presha mara nyingi hakuna kwa sababu gari yenyewe haina sensa ya kuipima ina swichi tu.

Sasa kuchagua. Ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza ile isiyotumia umeme, oili yenyewe inakuja kwa kipaipu chembamba mpaka nyuma ya geji, inaingia kwenye bomba dogo lililopindwa ambalo presha ikiingia linataka kunyooka na hapo ndo linasukuma mshale. Ni ubunifu wa Eugène Bourdon wa Ufaransa, wa 1849, na mpaka leo hakuna kilichoushinda kwa urahisi na ukweli wake. Naipenda sana hii kwa kupimia gereji, kila fundi anayeheshimu kazi yake awe nayo, unafungua swichi unaifunga pale unasoma unaitoa. Lakini kuiweka ndani ya gari ya kila siku siishauri. Unaleta oili ya moto yenye presha ndani, karibu na miguu yako, kwa kipaipu ambacho mara nyingi ni cha plastiki. Nilishakuta pikapu moja kile kipaipu kinapita kwenye tundu la bati bila mpira wa kukikinga, bati limeshakikwangua nusu ya unene wake, na mwenye gari anaipenda geji yake hajui kabisa. Ukiamua kuiweka hiyo basi tumia hozi ya waya wa chuma uliosukwa, pitisha mbali na bomba la moshi, na pale inapopita kwenye bati weka mpira.

Ya pili ni ya umeme na hapo ndo pana mambo. Za zamani na za kawaida zina sensa yenye kiwambo ndani, presha ikisukuma kiwambo kuna kidole kinateleza juu ya waya wa ukinzani, geji inasoma ohm, yani kipimo cha ukinzani. Shida ni kwamba dunia haikukubaliana ohm ngapi ni presha ngapi. Za kampuni ya VDO na nyingi za Ulaya zinaanza kama ohm 10 pakiwa hakuna presha mpaka kama 180 ikijaa. Za Kimarekani nyingi zinakwenda kinyume, 240 pakiwa hakuna presha mpaka 33 ikijaa. Rafiki yangu aliuziwa geji ya mtindo mmoja na sensa ya mtindo mwingine, aliyemuuzia alimwambia zote zinaingiliana, akafunga, akanipigia simu "njoo uone maajabu", nikaenda nikakuta gari imezimwa, ufunguo umewashwa tu, mshale umegota mwisho kabisa kwenye 100, akiwasha injini unashuka. Geji nzima, sensa nzima, ila hazisikilizani. Tukachomoa waya tukaweka mita ya umeme kwenye sensa gari ikiwa imezimwa, ikasoma 238, yani sensa ni ya mtindo wa Kimarekani, kesi ikaisha pale. Kwa hiyo nunua geji na sensa pamoja kutoka kwa mtengenezaji mmoja, kwenye boksi moja, na kabla ya kununua uliza kama sensa yake inapatikana peke yake maana sensa ndo inayokufa, geji yenyewe inaweza kudumu kuliko gari.

Na ujue waya ukikatika geji yako itasema nini. Ile ya ohm 10 mpaka 180 waya ukikatika mshale unapanda juu kabisa, ile ya 240 mpaka 33 waya ukikatika unaonyesha sifuri na waya ukigusa bodi ya gari ndo unapanda. Jua hili mapema kabla hujakutana nalo usiku barabarani ukaanza kuhangaika.

Halafu kuna hizi mpya za elektroniki, sensa ina waya tatu, inalishwa volti 5 na inarudisha kati ya 0.5 na 4.5. Ile 0.5 kwenye sifuri imewekwa makusudi, waya ukikatika inafika 0 kamili na geji inajua hii sio presha hii ni hitilafu. Mimi hizi ndo nazipendekeza kwa mtu anayeweza kuzipata, sio kwa sababu ya taa zake, ni kwa sababu mshale wake unafuata injini kwa haraka na nyingi unaweza kuziwekea onyo kwa namba unayotaka wewe. Hapo ndo unapata kitu ambacho taa ya kiwandani haikupi, unaiambia ikishuka chini ya psi 15, au namba yoyote inayoendana na injini yako, piga kelele. Ila weka namba iliyo chini kidogo ya sailensa yako ya moto, la sivyo itakupigia kelele kwenye kila foleni mpaka uizoee uiache kuisikiliza.

Tundu sasa. Hapa naomba mtu asiharakishe. Injini nyingi za Kijapani tundu la swichi ya oili ni 1/8 BSPT, nyuzi 28 kwa inchi (BSPT, NPT na M10x1 ni majina ya aina za nyuzi za kufungia). Sensa nyingi zinakuja na 1/8 NPT, nyuzi 27 kwa inchi. Gari nyingi za Ulaya ni M10x1. Zote hizo unene wake ni karibu milimita 10, ukizitazama kwa macho ni ndugu, na mbaya zaidi zinaanza kushikana mzunguko wa kwanza au wa pili unafikiri zimekubali halafu zinakaza, na mtu mwenye spana ndefu anaongeza nguvu. Pale unapofunga ni aluminiamu au chuma cha kumimina, havina huruma, vikipasuka vimepasuka. Mimi nilitoa swichi ya zamani nikaiwekea kile kipimo cha nyuzi chenye majani mengi, unalaza jani juu ya nyuzi unanyanyua kwenye mwanga, jani la 27 lilikaa vizuri mwanzoni ila kuelekea mwisho unaona mwanga unapenya, la 28 likalala lote hakuna mwanga. Tofauti ni ndogo kiasi hicho. Nikatafuta adapta ya BSPT kwenda NPT ndo nikafunga. Tepu nyeupe ya mafundi bomba usiizungushe nyingi, kama sensa ni ya waya mmoja inapata negativu kupitia nyuzi zake na tepu nyingi inaweza kuikata ukaanza kuona geji inayumba, na vipande vyake vikiingia ndani vinaweza kwenda kuziba njia ya oili. Uzi wa kwanza uache wazi.

Swichi ya taa usiitupe. Geji na taa vifanye kazi pamoja. Baadhi ya sensa, za VDO hasa, zina miguu miwili, G ya geji na WK ya taa, hiyo inamaliza mambo bila adapta nyingi. Usipoipata hiyo utahitaji tii, kile kiungo chenye midomo mitatu, na hapa ndo kuna kosa naliona kila siku: tii ya shaba imefungwa moja kwa moja kwenye injini, juu yake inaning'inia sensa kubwa nzito kama ngumi ya mtoto. Injini inatetemeka muda wote, shaba inachoka, siku moja shingo inakatika na oili yote inamwagika kwa presha, na kifaa ulichoweka kulinda injini ndo kinaiua. Toa hozi fupi ya presha kutoka kwenye tundu, ipeleke kwenye bodi ya gari, kule ndo ufunge tii na sensa zako, na kama sensa ni ya waya mmoja itengenezee negativu yake. Wengine wanaweka sahani chini ya filta ya oili yenye matundu ya sensa, ni njia nzuri pia, ila hakikisha uzi unalingana na filta yako, 3/4-16 na M20x1.5 ndo zinazopatikana sana, na baada ya siku kadhaa rudi uangalie kama haivuji.

Uso wa geji nitaumaliza haraka. Injini za kawaida 0 hadi 100 psi inatosha, au bar 0 hadi 7. Usichukue ya 0 hadi 150 kwa sababu tu ni kubwa, kwako eneo muhimu ni kati ya 5 na 30, na kwenye geji ya 150 hilo eneo linakuwa dogo huwezi kutofautisha 8 na 14 kwa kutupa jicho. Ndo maana pia napendelea mshale unaozunguka digrii 270 kuliko ule wa 90. Ukubwa wa milimita 52 unaingia sehemu nyingi. Iweke unapoiona bila kuinama, positivu itoke mahali panapowaka na ufunguo na pasipokatika wakati wa kupiga starta, uiwekee fyuzi yake ndogo, na negativu ya geji ifungwe kwenye chuma safi kisicho na rangi.

Ukishafunga, wiki za kwanza kazi yako ni kujifunza kawaida ya injini yako. Baridi ikiwa sailensa ngapi, moto ikiwa sailensa ngapi, barabara kuu ngapi. Mimi niliandika kwenye karatasi nikaibandika ndani ya kifuniko cha dashibodi, na ile karatasi ilinisaidia mapema kuliko nilivyotegemea. Baada ya kubadilisha oili na filta nikaona asubuhi mshale unachelewa, unakaa kwenye sifuri muda ambao zamani haukuwepo ndo unapanda, halafu ukishapanda namba zote zilezile. Taa ya kibirika nayo ilikuwa inachelewa kuzima ila nani huwa anaihesabia sekunde. Fundi akasema filta, ndani ina kiraba cha kuzuia oili isirudi chini gari ikilala, hii ya kwako hakizuii, kila asubuhi injini inaanza kavu mpaka filta ijae. Tukaweka filta nyingine, kesho yake mshale ukapanda na kuwaka kwa injini. Mwingine niliyemsaidia kufunga yeye aliona mshale unashuka kila akikata kona kali, tukavuta dipstiki, oili iko chini ya alama, na taa haijawahi kusema neno.

Kwa wenye gari mpya kidogo mjue zipo injini zenye pampu ya oili inayobadilika, kompyuta inaiambia ifanye kazi kwa presha ya chini kukiwa hakuna mzigo na kuipandisha ukikanyaga. Utaona mshale unaruka kutoka hatua moja kwenda nyingine, hiyo sio sensa mbovu, soma kitabu cha injini yako kwanza.

Na kabla sensa haijaingia kwenye injini ipime mezani. Ifunge kwenye hozi ya kompresa ya upepo pamoja na geji nyingine unayoiamini, unganisha waya zake, weka 15, 30, 60, linganisha. Ikitofautiana psi 2 au 3 kule juu ishi nayo, lakini kwenye 15 ikikuonyesha 25 irudishe dukani siku hiyohiyo, hiyo ndo sehemu utakayoitegemea na hapo hairuhusiwi kukosea.